Kura ya Watoto wa Kansas

Mwezi wa Aprili vilima vya Flint Hills, mashariki mwa Kansas, hunuka moshi. Wafugaji huchoma nyasi kavu za mwaka uliopita ili mpya zichipue kabla ng'ombe hawajaletwa malishoni, na ukisafiri usiku kuelekea Emporia unaona mistari ya moto ikipanda na kushuka miinuko. Zamani mbuga za nyasi ndefu kama hizi zilienea katikati ya Marekani. Nyingi zimelimwa zikaisha. Hapa zimesalia kwa sababu ardhi ina mawe mengi na plau haikufua dafu. Msimu huohuo wa moto, watoto wa jimbo zima hupiga kura kuchagua kitabu wanachokipenda kuliko vyote.

Emporia ni mji mdogo wa reli na walimu. Chuo chake kilianza mwaka 1863 kwa kazi ya kufundisha walimu. Leo kinaitwa Emporia State University, na ndicho kinachosimamia uchaguzi huo. Tuzo ya kitabu kinachoshinda ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la William Allen White, mhariri aliyelinunua gazeti la mji, Emporia Gazette, mwaka 1895, akaliendesha hadi alipofariki mwaka 1944. Nyumba yake ya mawe mekundu bado ipo. Mtu huyu alipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1923 kwa tahariri ya kutetea uhuru wa kusema, na mwaka uliofuata akagombea ugavana ili kupambana na kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan. Alishindwa, lakini ujumbe ulifika. Naona jina lake limekaa mahali pake.

Utaratibu ni mwepesi. Kamati ya watu wazima huteua orodha ya vitabu, kisha hujiweka kando. Wapiga kura ni wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane, na tangu mwaka 2001 wadogo wana mshindi wao na wakubwa wana wao. Sharti ni moja: asiyesoma angalau vitabu viwili vya orodha hapigi kura.

Niliona sharti hilo likifanya kazi katika maktaba ya shule moja ya msingi. Sanduku la kura lilikuwa la kadibodi, na nyuma ya rafu palitengwa kituturi kwa pazia la kitambaa. Watoto walipanga foleni, kila mmoja na karatasi yake. Msichana wa darasa la nne alipofika mbele, mkutubi alimuuliza amesoma vitabu vipi. Akataja kimoja, kwa furaha, akaanza kusimulia. Mkutubi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba bado kimoja. Hakuna aliyemcheka. Alichukua kitabu cha pili, ambacho alishafika nusu, akaketi kwenye zulia chini ya dirisha na kuanza kusoma, midomo ikichezacheza. Wenzake walimaliza kupiga kura wakarudi darasani. Yeye aliachwa asome. Mimi nilitoka nje kuzungumza na walimu, na niliporudi alikuwa nyuma ya pazia, anaandika.

Hapo ndipo nilipoielewa heshima iliyomo katika jambo hili. Mtoto haambiwi kwamba maoni yake ni mazuri kwa sababu tu ni mtoto. Anadaiwa kazi kwanza, kisha kura yake inahesabiwa sawasawa na ya mwingine yeyote.

Na watoto wakiaminiwa hivyo, huchagua vitabu vizito. Mshindi wa kwanza kabisa, mwaka 1953, alikuwa *Amos Fortune, Free Man*, kitabu cha Elizabeth Yates kuhusu mtu aliyeishi kweli: Mwafrika aliyetekwa, akauzwa utumwani Marekani, akaununua uhuru wake akiwa na umri wa miaka ipatayo 60, akafanya kazi ya kutengeneza ngozi katika mji wa Jaffrey, New Hampshire. Alipofariki mwaka 1801 aliacha fedha kwa ajili ya shule ya mji huo. Ukumbuke Kansas ya mwaka 1953. Kesi ya Brown, iliyotoka Topeka katika jimbo hilihili, kuhusu watoto weusi kutengwa na weupe katika shule za msingi, ilikuwa bado mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani; hukumu ilitolewa mwaka 1954. Wazee wenye majoho walikuwa wakiendelea kujadiliana, na watoto walikwishachagua hadithi waliyoipenda.

Kwetu Afrika Mashariki tuzo za vitabu zipo, ila waamuzi ni watu wazima, hata pale kitabu kilipoandikiwa mtoto wa miaka tisa. Vitabu navyo vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kuchapisha hadithi za Kiswahili tangu mwaka 1991. Mwalimu uliye Tanga, Machakos au Bujumbura, kama una vitabu kumi vya hadithi kabatini, vitoe muhula huu. Visomwe kwa zamu, wasiojua kusoma vizuri wasomewe. Weka sharti la vitabu viwili, tafuta boksi la kadibodi, hesabu kura mbele ya darasa zima, halafu wanafunzi wamwandikie mwandishi aliyeshinda barua ya kumpa matokeo.