Mume wa Senene, Mke wa Kisamvu

Mimi ni wa Kisarawe, nimekulia kisamvu cha nazi na bada, ule ugali wa muhogo. Mume wangu ni Mhaya wa Bukoba. Kwake chakula ni ndizi, vingine vyote vitafunio tu! Tunaishi Kibaha, na cha ajabu, ladha za kwao ndizo zinazofika kirahisi. Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini mabasi yake yanapita hapa hapa Barabara ya Morogoro, na mama mkwe haachi kutuma mkungu. Ikifika Novemba wanakuja senene, mbawa na miguu vimeshanyofolewa, mwenzangu anatafuna kama karanga.

Kisarawe je? Mkoa huu huu wa Pwani, ila kisamvu cha gengeni kimesagwa kwa mashine, hakina utamu wa kinu.

Basi mwaka jana nikanuna siku tatu, jamani! Alipouliza nikamwambia, “Nyumba hii inanukia kwenu tu.” Hakujibu kitu. Jumamosi akarudi na kinu na mchi.

Siku hizi anatwanga yeye, jasho linamtoka, mimi nakuna nazi. Tui jepesi natanguliza, zito namalizia. Ila kisamvu chenyewe anakilia ndizi!