Paa la Kolwezi Hupimwa kwa Mizani

Anayenunua mabati Kolwezi huanza na rangi. Anasimama mbele ya depo, simu mkononi, na picha ya nyumba aliyoiona Lubumbashi au Ndola, anataka nyekundu ile ile. Mimi, fundi wa paa, nikiombwa kumsindikiza mwenye nyumba naenda na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Bati la urefu wa mita 3 lililokunjwa kutoka karatasi ya upana wa mita 1, kama lina unene wa milimita 0.4 kweli, halipungui kilo 9. Likisoma kilo 6, ni milimita 0.25, hata kama limepigwa mhuri wa BG 28. Likisoma kilo 4, tunaondoka. Hizi namba za BG, za kutaja unene, zinawapoteza wengi kwa sababu zinakwenda kinyume: bati la 32 ni jembamba kuliko la 28. Muuzaji mwenye mali safi hajawahi kunikatalia mizani.

Nang'ang'ania unene kwa sababu naijua hewa yetu. Tuko juu, zaidi ya mita 1,400, na kiangazi kinakwenda Mei mpaka Septemba, karibu bila mvua. Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, halafu mchana jua linachoma bati mpaka huwezi kuliwekea kiganja. Bati la mita 6 hurefuka milimita 3 na zaidi kati ya alfajiri na adhuhuri, kisha linajikunja tena usiku. Kila siku, miezi mitano. Lile bati jembamba linakula tundu la msumari polepole, na mvua ya kwanza ya Oktoba inaingia hapo hapo. Ndiyo maana siku hizi natumia skrubu zenye mpira, na naziweka juu ya mgongo wa wimbi, si kwenye bonde ambako maji hupita. Mwenye pesa za misumari tu nampigia misumari ya mwavuli, lakini namwambia mapema kwamba baada ya miaka michache nitapanda kuigonga upya.

Alfajiri hizo za Juni zina jambo jingine. Bati lisilo na dari hutoa jasho kwa ndani, na matone yanaanguka kwenye godoro. Watu wananiita kuziba tundu, nami napanda, sioni tundu. Dawa ni dari, na nafasi ya hewa kupita kati ya dari na bati.

Upepo wa mwanzo wa mvua ndio unaonifanya nilale macho wazi. Oktoba na Novemba dhoruba inafika jioni, inaingia chini ya ukingo wa paa na kulisukuma kutoka ndani, wakati juu inalivuta. Paa linaondoka zima, na mbao zake. Hapo unene wa bati hausaidii kitu kama paa halikufungwa kwenye ukuta. Mimi namtaka mwashi, akiwa amebakiza mistari minne au mitano ya matofali kumaliza ukuta, alaze chuma cha milimita 6 ndani ya udongo au saruji, ncha mbili zikiinuka. Mbao ya juu ya ukuta ikikaa, ncha hizo zinaipanda na kusokotwa juu yake kwa koleo mpaka zinalia. Tofali la juu peke yake halishiki paa. Mistari mitano yenye uzito wake inashika. Nikikuta ukuta umekwisha na chuma hakimo, natoboa na kuingiza, hata kama mwenye kiwanja ananung'unika kuhusu siku zinazopotea. Na mbao ziwe zimekauka. Mkaratusi mbichi hujisokota ukishapigiliwa, unang'oa misumari wenyewe bila upepo.

Mpaka hapa ningekuwa nasema yale yale Likasi au Kamina. Kolwezi ina hewa ya kazi yake. Dioksidi ya salfa inayotoka kwenye viwanda vya kuchenjua madini, ikikutana na unyevu, inakuwa tindikali, na tindikali inayeyusha zinki, lile koti linalolinda chuma. Lubumbashi walionja hayo zamani: kiyeyushio kilianza kazi 1911, na pepo za kusini-mashariki zikapeleka moshi upande mmoja mpaka miti ikaisha na udongo ukabaki wazi. Kwa hiyo kwa anayejenga upande wa kiwanda cha Luilu, au kwenye barabara ya malori ya madini, sipendekezi bati la zinki tupu. Nachagua lile la mchanganyiko wa alumini asilimia 55 na zinki, ambalo hustahimili zaidi, ila nalo linachukia saruji mbichi: mwashi akilirushia lipu na kuiacha, doa halitoki. Na waya wa shaba usilazwe juu ya bati lolote. Maji yakipita kwenye shaba kisha yakatiririka kwenye zinki, zinki inaliwa. Nimeona antena iliyofungwa kwa shaba imechora mstari wa kutu kutoka kileleni mpaka kwenye ukingo.

Mama mmoja wa Manika alinionyesha picha za nyumba za Marekani.

"Papa fundi, nataka vigae hivi vyeusi, vinavyokaa kama magamba."

"Mama, hivi ni vya lami. Vinataka mbao au plaiwudi chini ya paa zima, bila pengo. Hapo mchwa atapata karamu, na bei ya plaiwudi itakushinda kabla ya vigae."

Akauliza vya udongo au saruji, nikamkatalia pia. Milipuko ya machimbo yaliyo ndani ya mji inatikisa kuta, na nyufa zinazofichwa kwa rangi mpya nazijua. Kwenye mtaa wa Kasulo, kuanzia 2014, watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyenyewe. Juu ya ardhi kama hiyo sipandishi paa la tani kadhaa. Anayependa sura ya kigae achukue cha chuma chenye punje za mawe, chepesi, na kwenye mvua ya mawe hakipigi kelele kama bati. Lakini aulize unene wa chuma kilicho chini ya punje, na mteremko usipungue sentimita 27 kwa kila mita.

Kwenye nyumba za zamani nakutana bado na mabati ya saruji yenye asbesto. Vijana wangu wanayajua: hayakatwi kwa msumeno, hayapigwi nyundo, hayafagiliwi yakiwa makavu. Tunayalowesha, tunafungua skrubu, tunayashusha mazima. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, wakati fundi ameshasahau paa lenyewe. Vipande vya mabati hayo nawakataza wenye nyumba kuvitumia kufunikia banda la kuku.

Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha kazi yao kuhusu Kasulo: kobalti nyingi kwenye vumbi la nyumba, na kwenye mkojo wa wakazi, zaidi kwa watoto. Vumbi hilo hilo linakaa juu ya paa kiangazi chote. Kwa hiyo kila mfereji wa maji ya mvua ninaofunga nauwekea kiungo kinachogeuzwa kwa mkono. Septemba paa linaoshwa kwa maji. Mvua za kwanza zinamwagwa nje. Ndipo kiungo kinageuzwa kuelekea kwenye pipa, na maji hayo ni ya kufulia na kumwagilia, si ya kunywa.