Mche Uliojiotea Chunguni: Mikindani na Leicester

Mvua za Desemba zikishika Mikindani, mkoani Mtwara, kopo la mrihani lililowekwa barazani halikosi mgeni. Huenda ni mchicha uliokuja na samadi ya mbuzi, huenda ni mpapai wa mbegu zilizotupwa na watoto, huenda ni mnavu ulioletwa na ndege. Mwenye kopo hana haja na jina la kitaalamu. Anatazama shina, anafikicha jani na kulinusa, kisha anamwita jirani: "Bibi, hebu nitazamie, hii mboga au gugu?"

"Uache kwanza utoe ua, mwanangu."

Mtu wa Mtwara aliyehamia Leicester, Uingereza, naye ana chungu chake. Udongo kaununua dukani kwa mfuko, na jirani katundika punje za ndege uani, kwa hiyo mimea ya kujiotea haikosekani huko pia. Bibi ndiye hayupo, ipo simu. PlantNet, programu iliyobuniwa na taasisi za utafiti za Ufaransa na kuingia kwenye simu mwaka 2013, inapokea picha na kurudisha orodha ya majina ya Kilatini. Inafurahisha kweli, ila mche wenye majani mawili tu huibabaisha.

Kwenye mnavu ndipo watu wanapoachana njia. Simu itasema Solanum nigrum, na Waingereza wengi watashauri ung'olewe, kwa kuuogopa au kwa kuudhania Atropa belladonna, mmea wenye sumu kali. Matunda huondoa utata. Ya mnavu ni madogo, meusi, yamekaa vishada, na ua lake ni jeupe lenye kitovu cha njano. Belladonna huzaa tunda mojamoja, jeusi la kung'aa, lililokalia sepali tano zilizotanuka kama nyota. Ua lake ni la zambarau iliyofifia. Tanzania majani ya mnavu huchemshwa, wengi wakamwaga maji ya kwanza, kisha yakaungwa kwa nazi au karanga. Tunda bichi haliliwi, lina sumu. Na kule Tengeru, Arusha, Kituo cha Dunia cha Mboga kimekuwa kikishughulikia mboga za asili za aina hii, wakati Leicester zinaishia kwenye pipa la taka.

Hata hivyo, pua ya bibi isibebeshwe kila kitu. Mnanaha, yaani Datura, nao hujiotea jalalani na mashambani, Afrika hata Ulaya, na majani yake machanga yanaweza kuingia kwenye fungu la mboga kabla tunda lake la miiba halijaonekana. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na sumu ya mimea ya jamii hiyo.

Kuna kichekesho hapa. Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, mfululizo wa vitabu wenye aina zaidi ya 12,000 za mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, ilichapishwa kidogo kidogo kuanzia 1952 hadi 2012 kwa kazi iliyoongozwa na bustani ya mimea ya Kew, London. Kwa treni, wa Leicester anaifikia Kew mapema kuliko wa Mikindani anavyofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye hazina ya mimea iliyokaushwa.

Basi msomaji uliye ughaibuni, piga picha ya jani la mche pande zote mbili, ua na tunda, uitumie programu na pia mama yako Mtwara kwa WhatsApp. Wakitofautiana, usiupike.