Bilauri ya Painti: Kumbukumbu ya Chombo cha Bia Uingereza

Historia ya bilauri ya bia nchini Uingereza ni historia ya uaminifu kati ya muuzaji na mnywaji, kwani kila ilipobadilika umbo, swali la kama mtu amepewa alicholipia lilibadilika nayo. Kabla ya karne ya 19, bia ilinywewa zaidi katika vikombe vya udongo, vya ngozi au vya pyuta, yaani bati lililochanganywa na metali nyingine kidogo, na kwa kuwa vyombo hivyo havipitishi mwanga, mnywaji hakuweza kuona machicha yaliyotuama chini, wala kuhakikisha kwa macho kama kipimo kilikuwa kamili. Ndiyo maana sheria ya mwishoni mwa karne ya 17 iliagiza vipimo vya bia vigongwe muhuri wa taji.

Kodi ya kioo ilipofutwa mwaka 1845, bilauri ilishuka bei na kuenea katika baa, na bia yenyewe haikusalimika, kwa sababu bia nyeusi nzito ilianza kuipisha ile angavu ya rangi ya kaharabu, ambayo uzuri wake huanzia machoni. Katika karne ya 20 vilitamba vikombe vizito vya kioo vyenye mkono, kwanza vya pande kumi, kisha vile vya vibonyeo vya mviringo. Na mwandishi George Orwell, akieleza mwaka 1946 baa aliyoitamani, hakutaka humo bilauri isiyo na mkono.

Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1960 iliyoshinda ni bilauri nyepesi isiyo na mkono, iliyovimba kidogo chini ya ukingo. Uvimbe huo hushikwa vyema na vidole vilivyolowa, huzuia bilauri zilizopangwa moja ndani ya nyingine zisikwamane, na hukinga ukingo usimeguke zinapogongana.

Suala la kipimo, hata hivyo, halikuisha. Painti ni mililita 568, na bilauri inayofikisha kiasi hicho ukingoni kabisa haiachi nafasi ya povu, hivyo povu hula sehemu ya bia iliyolipiwa. Ile kubwa kidogo, yenye mstari wa kipimo chini ya ukingo, huruhusu bia ifike mstarini na povu likae juu yake. Mstari huo mwembamba unastahili heshima kuliko pambo lolote la kioo, kwa kuwa humwezesha mnywaji kuhakikisha haki yake kwa macho yake mwenyewe.