Nilipoingia Kamati ya Ngoma

Leo nataka tuzungumze, wewe na mimi, juu ya uongozi. Sisemi uongozi wa wakubwa. Nasema uongozi mdogo wa kijijini. Mtu anachaguliwa Jumapili mchana chini ya mwembe, na Jumatatu anaamka akiwa mjumbe wa kamati.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Ninalima mpunga na pamba hapa kwetu Usukumani. Mwaka 2018 nilichaguliwa kuingia katika kamati ya kikundi kinachofundisha watoto ngoma. Katika karatasi za usajili kamati hiyo inaitwa bodi. Sisi tunasema kamati tu. Kikundi chetu si cha biashara. Hakuna mtu anayegawiwa faida. Shilingi ikiingia, inarudi kwenye kazi ya kufundisha.

Siku ile tulichaguliwa watu wapya watatu: mwalimu mstaafu, kijana mwenye bodaboda, na mimi. Wazee walioanzisha kikundi walikuwa wamechoka. Mwenyekiti wao alisimama na fimbo yake akasema, "Macho yangu hayaoni tena maandishi. Tafuteni wengine." Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya kalamu. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, jioni baada ya kazi, pamoja na mama wengine. Basi watu wakasema, "Huyu mama anajua kusoma na kuandika. Awe katibu." Nilifurahi sana. Usinicheke. Na wewe ungefurahi.

Mzee akanikabidhi sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na daftari la fedha, kitabu cha benki, cheti cha usajili, na katiba ya kikundi yenye kurasa sita. Nikalibeba kichwani mpaka nyumbani. Nikaliweka chini ya kitanda. Ulikumbuke sanduku hilo, maana nitalirudia.

Kwanza nikueleze jinsi watoto wanavyofundishwa. Bila kujua hivyo, hutaona kosa langu lilikuwa wapi.

Mwalimu wa ngoma ni mzee mmoja. Kwa Kiswahili mtu kama yeye huitwa manju. Kwa Kisukuma tunasema ningi. Hajui kusoma. Lakini anajua nyimbo nyingi kuliko kurasa za kitabu chochote nilichonacho. Kila Jumamosi watoto huja kwake, wavulana na wasichana. Anawafundisha bugobogobo, ngoma ya majembe.

Labda wewe hukai Usukumani na hujaiona ngoma hiyo. Ilitoka shambani. Vijana walikwenda pamoja kulima shamba la mwenzao. Ngoma ilipigwa pembeni, na majembe yakapanda na kushuka kwa mapigo yake. Aliyechoka alipata nguvu, na mvivu alionekana mara moja. Mpaka leo wachezaji hushika majembe, huyazungusha, na huyarusha juu na kuyadaka.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Utampa mtoto wa miaka tisa jembe la chuma alirushe, na wenzake wako kulia na kushoto? Manju hafanyi hivyo. Mtoto mpya hakai na jembe kabisa. Anakaa karibu na ngoma kubwa, anasikiliza. Jumamosi ya kwanza anapiga makofi tu. Baadaye anafundishwa miguu. Manju husema miguu ndiyo inayosikia kwanza, mikono hufuata. Mtoto akipotea, hapigwi wala hachekwi. Anarudishwa kukaa karibu na ngoma. Miguu ikiisha kujua, anapewa mpini mtupu. Jembe la chuma linakuja mwisho kabisa, na kwa wengine huchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Mimi nilikuwa naona jambo hilo ni la polepole mno. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mwezi wa kwanza nilifungua daftari la fedha. Niliona akiba ya shilingi 260,000. Pembeni mzee alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: NGOZI ZA NGOMA. Ngoma mbili kubwa zilikuwa zimepasuka, na watoto walikuwa wakijifunza kwa ngoma moja ndogo. Lakini mimi nilikuwa na mpango wangu. Niliwaambia wenzangu wa kamati, "Tukiwa na sare nzuri tutaitwa kwenye harusi na kwenye mapokezi ya wageni. Tutalipwa. Ngozi tutanunua baadaye." Kijana wa bodaboda alikubali upesi. Mwalimu mstaafu alinyamaza. Nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Tukanunua vitambaa, fundi akashona. Sare zilipendeza kweli. Tukaanza kuitwa. Watoto walikwenda harusi mbili, wakalipwa kidogo. Manju hatukumwuliza. Tulimwambia tu siku ya kwenda.

Kisha tukaitwa kupokea mgeni mmoja. Tuliambiwa tufike saa 2 asubuhi. Tulifika. Mgeni alifika saa 9 alasiri. Muda wote huo watoto walikuwa juani na sare zao, majembe mikononi. Mgeni aliposhuka kwenye gari, walicheza dakika tano. Kila mtoto akapewa soda. Msichana mmoja alikuwa amekwisha kuanguka kwa jua na njaa. Tulimlaza chini ya mti, tukammwagia maji.

Jioni ile mama yake alinijia nyumbani. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nilimleta mwanangu afundishwe. Sikumleta awe pambo la mkutano." Nilikosa jibu. Hata sasa ninapoandika sina jibu.

Jumamosi iliyofuata manju hakuja. Watoto walikaa wakamngoja, wakarudi makwao. Jumamosi ya pili walikuja nusu. Jumamosi ya tatu walikuja watoto wanne, wakacheza mpira.

Kamati ikakutana. Safari hii mwalimu mstaafu hakunyamaza. Aliuliza jambo moja tu: "Katibu, katiba yetu inasemaje?"

Ndugu msomaji, nilitazama chini. Ile katiba ilikuwa imekaa chini ya kitanda changu miezi mitano. Sikuwa nimeisoma hata ukurasa mmoja. Mimi niliyechaguliwa kwa sababu najua kusoma, sikusoma! Nilisoma daftari la fedha tu, maana fedha ndiyo niliyoitaka.

Tukaileta, nikaisoma kwa sauti. Nilipofika ukurasa wa pili koo lilikauka. Iliandikwa kwamba shabaha ya kikundi ni kufundisha watoto ngoma za asili. Iliandikwa kwamba watoto hawatoki kucheza mbele ya watu mpaka manju aseme wameiva. Na iliandikwa kwamba fedha ya vyombo haiguswi kwa jambo jingine bila mkutano wa wanachama wote. Wazee wale walikuwa wameyaona mambo haya zamani. Pengine na wao waliwahi kuanguka mahali hapo hapo, ndiyo sababu wakaandika.

Kesho yake nilikwenda kwa manju. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikapewa kigoda, nikaanza kupukuchua naye. Kwetu huwezi kuingia moja kwa moja katika shida yako kama mtu anayedai deni. Tulizungumza habari za mvua na za ng'ombe wake. Mwishowe nikasema nimekuja kuomba radhi.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Nilidhani wewe umesoma."

Hayo tu. Ningependa angenigombeza.

Baadaye akauliza, "Ngoma ziko wapi?" Nikamwambia bado zimepasuka. Akasema yeye hataki kiti katika kamati, wala hataki kuombwa ruhusa ya kila jambo. Anataka ngoma ziwambwe. Na anataka mtoto anayetoka kucheza awe amekula.

Tukaitisha mkutano wa wanachama. Nilisimama mbele yao nikaeleza yote, kuanzia sanduku mpaka sare. Wengine walitaka niondolewe. Hawakukosea kutaka hivyo. Yule mama wa msichana aliyeanguka ndiye aliyesema, "Akiondoka, fedha itarudishwa na nani? Akae, alipe." Wajumbe wapya watatu tukagawana deni. Mimi niliuza mbuzi wawili. Mwalimu alitoa katika pensheni yake, ingawa kwa haki yeye hakuwa na kosa ila kunyamaza. Kijana alilipa kidogo kidogo, na alimaliza.

Tulinunua ngozi mbili za ng'ombe machinjioni. Kazi ya kuwamba ngoma usiidharau. Ngozi inalowekwa majini mpaka ilainike. Nywele zinakwanguliwa. Halafu inavutwa juu ya mzinga wa ngoma ingali mbichi, na kukazwa kwa vigingi vidogo vya mti kuzunguka mdomo. Watu wanne wanavuta, mmoja anagongomea. Ukivuta upande mmoja zaidi, ngoma italia kama debe. Inakauka polepole. Na siku ya kupigwa inaoteshwa moto kwanza ili ngozi ikaze na mlio upande. Manju alitufanya sisi wajumbe wa kamati tuvute wenyewe. Viganja viliuma siku mbili. Nadhani alifanya makusudi.

Mwezi wa Juni mwaka 2019 tuliwapeleka watoto Bujora, Kisesa, karibu na mji wa Mwanza. Pale pana makumbusho ya Wasukuma, na kila mwaka pana sikukuu ya ngoma iitwayo Bulabo. Ilianza miaka ya 1950, wakati wa Padre David Clement. Safari hii watoto hawakwenda kucheza. Walikwenda kutazama, na walikula kwanza.

Pale waliona Bagika na Bagalu. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma vya tangu zamani. Wazee husimulia kwamba vilitokana na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ni hodari zaidi. Mpaka leo vinashindana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na kile kinachovuta watu wengi zaidi ndicho kinachoshinda. Watu hukimbia huku, mara hukimbia kule. Mume wangu ni wa chama cha Bagalu, na manju ni Mgika. Mimi sitakuambia niko upande gani.

Nilimwangalia yule msichana aliyeanguka. Alisimama pale pale muda mrefu, anatazama miguu ya wachezaji. Hakutazama majembe yaliyoruka juu. Alitazama miguu. Nikajua kwamba manju amekwisha kumfundisha.

Sasa nikuambie na wewe. Labda utachaguliwa. Ikiwa si kamati ya ngoma, itakuwa ya kisima, au ya shule, au ya zahanati. Ukikabidhiwa sanduku, lifungue siku ile ile mbele ya wale wanaolikabidhi. Soma katiba, hata kama unasoma neno moja moja kwa kidole. Hesabu vyombo kwa mkono wako. Sisi tulikuwa na ngoma tano katika daftari, na tatu tu chini ya paa. Ngoma mbili zilikuwa zimeazimwa kanisani tangu miaka mingi, na hakuna aliyekumbuka. Ulizeni pia kama usajili wenu uko hai. Kikundi cha sanaa husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Cheti chetu kilikuwa kimekaa bila mtu kukitazama. Na usiwe mwalimu wa mwalimu. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote.

Kazi ya kamati haikwisha. Manju anazeeka. Vijana wawili wanajifunza kwake namna ya kufundisha, na mmoja anataka kwenda Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa ya serikali, TaSUBa. Mahali hapo pamefundisha sanaa tangu mwaka 1981, palipokuwa bado pakiitwa Chuo cha Sanaa. Katika kamati tumebishana sana. Wengine wanaogopa kwamba akienda hatarudi. Mimi nimesema aende. Bado hatujakubaliana.

Mwaka jana wajumbe wapya wawili waliingia. Mmoja ni mama kijana aliyejifunza bugobogobo kwa manju huyu huyu alipokuwa mtoto. Hakupewa sanduku kupeleka nyumbani. Tuliketi wote chini ya mwembe, na yeye akasoma katiba kwa sauti, kurasa zote sita. Ilichukua saa nzima, maana husoma polepole kama mimi nilivyokuwa. Manju alikuwa ameegemea shina la mti, macho ameyafumba. Tulidhani amelala. Yule mama alipofika ukurasa wa pili, mzee akainua mkono bila kufumbua macho.

"Hapo," akasema. "Rudia hapo."