Soma Kifuniko Kabla ya Kununua Oili

Hilo gari dogo la kutoka Japani ndilo linalolipa karo ya watoto wako. Usilitie 20W-50 eti kwa sababu jirani anaitia kwenye pikapu yake ya zamani. Fungua kitabu cha gari. Kimeandikwa Kijapani? Tafuta namba tu, au soma kifuniko cha oili. Mara nyingi utakuta 5W-30 au 0W-20. Namba iliyo na W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya pili, uzito wake injini ikishapata moto. Asubuhi ya baridi kule Limuru, oili nzito huchelewa kufika juu ya injini, na vyuma husagana bila ulainisho wa kutosha. Dukani utaambiwa nzito ndiyo hulinda. Tabasamu, uitishe namba yako. Injini iliyochakaa inayokula oili ni neno lingine. Hiyo mwonyeshe fundi kwanza.