Kompyuta Kuukuu na Haki ya Wakfu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wazee wa chuo kimoja cha Kurani huko Muleba, wilaya iliyo kusini mwa mji wetu wa Bukoba, waliniletea suala: Je, yajuzu kumwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kompyuta ya chuo iliyowekwa wakfu? Vijana walisema imepitwa na wakati. Fundi redio akasema bado ina uhai. Kwa kuwa suala kama hili laweza kuzuka Lamu, Tanga au Unguja, nimeona bora nilieleze hapa.

Chombo chenyewe chaitwa Sakhr. Kilitungwa na kampuni ya Kuwait iliyoasisiwa mwaka 1982 na Muhammad al-Sharekh, bwana aliyewatengenezea Waarabu kompyuta ya nyumbani inayosoma na kuandika kwa herufi zao. Katika miaka ya 1980 kampuni hiyo ikatoa pia programu ya Kurani Tukufu. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, na mwaka 2024 akafariki, Mungu amrehemu. Kwetu vyombo vya namna hii vilichelewa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likaja kulegezwa katika miaka ya 1990. Hata televisheni, ambayo Sakhr huihitaji iwe kioo chake, huku Bara ilianza mwaka 1994. Basi hiki kililetwa mwishoni mwa miaka hiyo na ndugu aliyekuwa akifanya kazi Maskati, akakiweka wakfu kwa ajili ya watoto wa chuo.

Marehemu mwalimu wa chuo alikitumia kufundishia herufi. Tena aliandika humo daftari la vibanja vya wakfu, yaani mashamba ya migomba na kahawa waliyotoa wazee: nani ametoa, mpaka wake wapi, na nani walishuhudia. Akayahifadhi hayo yote katika kaseti, kama zile za kusikilizia kasida. Daftari la karatasi liliharibiwa na mchwa. Sasa wajukuu wa mtoaji mmoja wanadai kwamba babu yao alikiazima chuo kibanja, hakukitoa. Kwa hiyo waliotaka kuuza chuma walikuwa karibu kuuza na ushahidi.

Nilikwenda nikaona jinsi fundi anavyofanya kazi. Alisema adui wa chombo hiki huku kwetu ni watatu: unyevu wa ziwa na mvua zetu nyingi, wadudu, na umeme usiotulia. Alianza kwa kupima umeme unaotoka katika transfoma, kabla hajauruhusu kuingia ndani, kwani volti zikizidi huua kwa dakika moja kilichodumu miaka arobaini. Kapasita zenye majimaji zilikuwa zimekauka. Akaziondoa moja moja, akatia nyingine za kiasi kilekile na za volti zisizopungua. Meno ya shaba yenye kutu aliyafuta kwa spiriti. Kisha akasafisha kichwa cha kinasa sauti, akaicheza kaseti na kuinakili sauti yake katika kompyuta ya kisasa, maana maandishi yale yamo katika kaseti kwa umbo la sauti. Kaseti ikiota kuvu au ikikaa karibu na sumaku, maandishi hayo hupotea. Kaseti mbili zilisomeka. Ya tatu ilikatika.

Sasa tuje kwenye hukumu. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mikeka ya msikiti iliyochakaa, na magogo yake yaliyovunjika yasiyofaa ila kuchomwa, yajuzu kuuzwa. Wako maulamaa waliokataa. Lakini hata kwa kauli ya kujuzu, tazameni sharti lake: kisiwe na faida tena. Kuwapo kipya kilicho bora hakukiondolei cha zamani faida yake. Chombo kinachoweza kufundisha alifu na be, na kusoma kaseti ambazo vyombo vipya havizielewi ila kwa msaada, hakijafikia hali ya mkeka uliooza. Niliwajibu wazee kuwa haijuzu kukiuza maadamu hali ni hiyo.

Na tumesikia kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake kwa mkono wake. Kama yeye hakuona haya kutia kiraka, sisi tunamwonea haya nani? Kutupa kinachotengenezeka ni ufujaji. Tena vyombo hivi vina madini ya risasi katika viungo vyake. Wakivichoma wachuuzi ili wapate shaba, moshi wake huwadhuru majirani na watoto.

Lakini tusipindukie. Kaseti si shahidi mbele ya kadhi wala mbele ya baraza la ardhi. Iliyosomeka ilitupa majina ya mashahidi wanne wa kibanja kile. Wawili wako hai, wazee sana. Hao ndio ushahidi, na waliandikiwa maneno yao mbele ya wajukuu wale. Mmoja wa wajukuu alinyamaza muda mrefu, akasema: "Kama mzee huyu alikuwapo, mimi sina neno." Nduguze wawili bado wana neno, na shauri linaendelea.

Ndugu msomaji, katika chuo chenu kuna sanduku gani ambalo halijafunguliwa miaka mingi? Lifungueni wangali hai wanaojua kilichomo. Nakilini, chapisheni, washuhudisheni watu. Chombo kitakufa siku moja, hata fundi afanye nini. Haki ya mwenye kutoa wakfu haifi nacho.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wema wa amana. Amin.